Nilivaa Karo kwa Miguu

Raba nyeupe Bukavu ni uchizi, wacha nianze hapo. Huu mji umekaa juu ya milima, karibu mita 1,500 juu ya bahari, na mvua ikitoka upande wa ziwa Kivu inashuka na udongo wa mtaa wa Kadutu wote mpaka chini. Msee mwenye akili ananunua nyeusi. Mimi nilinunua nyeupe, dola 45, na hiyo doh haikuwa yangu. Ilikuwa karo.

Stori iko hivi. Mi nilizaliwa hapa lakini nikakulia Kayole, Nairobi. Huko ndio mdomo wangu ulipikwa, so msinicheke nikichanganya. Nilirudi Bukavu kusoma juu chuo ya hapa mathe angeweza kulipa pole pole, tranche kwa tranche venye wanaitanga. Ijumaa hiyo alikuwa ametuma dola 120. Hesabu ilikuwa imekaa fiti kwa kichwa: 80 ya chuo, 25 ya keja, 15 ya kumanga. Nikatoa cash kwa kabini moja ya Nyawera: noti ya 50, tatu za 20, moja ya 10. Nikatia mfukoni bila kucheki.

Hapo ndio nilichoma. Kama hujawahi fika Congo, jua dola huku ni kama bibi harusi, lazima ikaguliwe. Muuzaji anaiinua kwa mwanga, anaigeuza, anapitisha kidole kwa kona zote nne. Ikiwa na kashimo ka sindano, ama imepasuka kidogo tu kama kucha ya mtoto, anakurudishia na neno moja: "Haipite." Franga ya Congo yenyewe inaweza kuwa imechakaa mpaka inanuka samaki, na kipindi hicho hakuna mtu alikuwa anauliza. Dola ndio yenye madharau.

Moja ya zile 20 zangu ilikuwa imepasuka kona. Kambisti, wale wa kukaa barabarani na kameza na bulungutu la franga, akaniambia atanipa 15. Dola tano zimeyeyuka nikiziangalia. Nikajam mbaya. Sasa hatua kumi hivi kutoka hapo kulikuwa na mzee wa viatu, raba zimepangwa juu ya shiti, na alikuwa ameskia maneno yote.

"Petit, miye nitaikamata hiyo yako," akasema. "Makumi mbili yote. Lakini ukamate kiatu."

Cheki venye akili hupiga hesabu ikishajam. Kwa kichwa yangu nilikuwa naokoa dola tano. Nikatoa 45 ndio niokoe tano, na nikatoka hapo nikijiona mjanja wa soko.

Hiyo raha, nikiwa mkweli, ilinifikisha Feu Rouge. Pale motari mmoja akapita kwa dimbwi, raba ya kushoto ikapata baka la kwanza, na hapo hapo ile hesabu ya asubuhi ikarudi kama mdai. Imebaki 75. Chuo pekee ni 80. Sijalipa keja, sijanunua hata unga.

Kama ningeishia hapo, hii ingekuwa stori ya kuchekesha tu. Lakini Jumamosi asubuhi, bado nimejam, nikaingia mahali pa pari. Kila mtaa hapa iko na ka-ofisi ka pari-foot, maboyz wamebanana kwa mlango wakisoma karatasi ya mechi kama tangazo la matokeo. Nikaweka dola kumi kwa mechi tano. Hesabu yangu ilikuwa irudi 90, nizibe shimo, mathe asijue. Mechi nne zikaingia. Ya tano ikachomwa dakika za mwisho. Wale wenye mmewahi kupari mnajua hiyo dakika ya mwisho venye inakaa kwa kifua.

Nimeiwazia sana hiyo wikendi. Raba na pari, mtu wa nje ataziweka kwa gunia moja: kijana hana adabu ya pesa, basi. Lakini ndani ya mwili wangu hazikuwa kitu moja. Raba nilinunua nikiona kitu nadai. Pari niliweka nikikimbia kitu sidai kuona. Ya kwanza ilinigharimu 45, na mpaka leo nazivaa. Ya pili ilinigharimu kumi tu, lakini ndio iliniua.

Kuna wanasaikolojia wawili Wamarekani, Whiteside na Lynam, mwaka wa 2001 walikaa chini wakafungua hii neno tunatupanga ovyo, "pupa", wakapata ndani kuna watu wanne tofauti. Kuna yule hafikirii kabla ya kufanya. Kuna yule anaanza kitu na hamalizi. Kuna yule anatafuta msisimko, mwenye ataruka ndani ya ziwa usiku juu ameambiwa hataweza. Halafu kuna yule wa nne, mwenye siku zake zote ako sawa, anajipanga, lakini akiumia ama akiaibika, mkono unafanya kabla kichwa haijafika. Baadaye watafiti wakaongeza wa tano, ndugu ya huyu wa nne: yule huharibu akiwa na furaha nyingi. Na ukiuliza ni nani kati yao anatembeanga na huzuni, keroro na majuto ya asubuhi, tafiti nyingi za wanachuo zinamwonyesha kidole huyo wa nne. Wa msisimko ako na shida zake, lakini mara mingi ako tu na stori poa.

Mimi kwa Nyawera nilikuwa nusu wa kwanza na nusu wa nne. Kwa pari nilikuwa wa nne mzima mzima.

Sasa hii kitu ya afya ya kichwa, huku hatuiongeleangi sana. Bukavu kuna hospitali ya magonjwa ya akili, SOSAME, na kazi yake watu wanaiheshimu, lakini kwa midomo ya mabeshte hilo jina ni la matusi. Ukisema "kichwa imechoka," unaambiwa, "Basi wakupeleke SOSAME," na watu wote wanacheka, na wewe unacheka nao. So nikanyamaza. Wiki tatu. Mathe akipiga nilikuwa naacha iite mpaka ikate, alafu naandika "niko kwa auditoire." Uongo. Kwa auditoire sikuwa naingia juu karani wa darasa alikuwa anaandika wenye hawajamaliza tranche. Nilikuwa nakaa kejani, nalala mchana, usiku macho kama bundi, nikihesabu dola zenye haziko. Mwili ulikonda kwa hizo wiki tatu, na si njaa pekee ilifanya hiyo kazi.

Ukiwaambia wazee hii stori watakujibu neno moja: nidhamu. Kijana wa leo hana subira. Na kuna utafiti maarufu sana wa kuwapa nguvu. Miaka ya 1960 ikiisha, msee anaitwa Walter Mischel, hapo Stanford, California, aliwekea watoto wadogo switi moja laini mezani, mashimelo, akawaambia: ukingoja nirudi bila kuila, nitakupa mbili. Miaka ikapita, wale walingoja wakaonekana wamefanya poa shuleni. Basi dunia yote ikashika hapo: subira ndio mali, watu wa makongamano wakapata la kuuza.

Mi huyo Mischel nampenda kwa sababu zingine. Alizaliwa Vienna mwaka wa 1930, na 1938 Wanazi walipoingia familia yake ikatoroka, akakulia Brooklyn mtoto wa wakimbizi, kama mimi na Kayole yangu. Na huyo mzee wa subira alikuwa anavuta sigara pakiti tatu kwa siku. Alisema mwenyewe. Aliacha tu siku alikutana na mgonjwa wa saratani ya mapafu akisukumwa kwa kitanda hospitalini, na hiyo picha ikamkaa. Kwa hivyo hata yeye nguvu za ndani hazikumtosha, alihitaji kitu cha kumshtua.

Lakini kitu yenye inanihusu zaidi ilikuja baadaye. 2018 watafiti walirudia hiyo hesabu na watoto zaidi ya 900, si wale wa kishule cha ndani ya chuo cha Stanford, na wakiingiza hali ya nyumbani, ule uhusiano wa switi na maisha ukapungua sana. Na kabla ya hapo, 2013, kwa chuo kikuu cha Rochester, mama mmoja mtafiti, Celeste Kidd, alichapisha kajaribio karembo na watoto 28. Kwanza aliwapa rangi za kuchora zimechakaa, akasema ngojeni niwaletee poa. Nusu ya watoto waliletewa kweli. Nusu ingine mtu alirudi mikono mitupu: pole, kumbe hakuna. Ndio sasa ikaja switi. Wale waliletewa rangi walingoja kama dakika 12. Wale walidanganywa walingoja tatu.

Soma tena hapo. Watoto ni wale wale, umri ni ule ule, na ilichukua uongo kidogo tu. Hao wa dakika tatu hawakukosa nidhamu. Walikuwa wamecheki rada.

Sasa nipeleke hiyo rada Bukavu. Krismasi ya 1979, tarehe 25 Disemba, rais Mobutu alitangaza noti za zaire, pesa ya wakati huo, za tano na kumi zimekufa. Watu walipewa siku chache kuzibadilisha, na benki yenye iko karibu na shamba la babu yangu ni wapi? Noti zake zilikaa kwa sanduku mpaka watoto wakachezea duka nazo. 1993 ikaja zaire mpya: milioni tatu za zamani kwa moja. 1998 franga, na zaire mpya laki moja zikakuwa franga moja. Wale walikuwa wameweka akiba miaka hiyo yote ndio walichekwa. Wale walikuwa wamenunua mbuzi walikuwa na mbuzi. Na ongeza vita: 1996 mji ukachukuliwa, 2004 ukachukuliwa tena, mwezi wa sita. Vyuo vyetu vyenyewe ni watoto wa hicho kipindi. Ile ya Wakatoliki, UCB, ilifunguliwa 1989, na ile ya serikali, UOB, ilianza 1993 kama tawi la Kisangani, mwaka ule ule wa milioni tatu kwa moja. Vijana wa hapa wamesomea ndani ya dakika tatu kizazi baada ya kizazi.

So msee wa Stanford akiniambia "ngoja upate mbili," mdomo wa babu yangu unamjibu: zitaletwa na nani?

Nilidhani nimepata kisingizio kitamu, nikalala nacho. Mwenye alinipokonya ni mama mwenye nyumba yangu.

Huyu mama anauza mkaa Kadutu, mumewe alikufa, watoto watano, na anaishi mji ule ule, amepitia 1996 ile ile, na 2004 ile ile. Usiku mmoja wa wiki ya tatu akanikuta nimekaa gizani.

"Weye mutoto ya Nairobi, ulisha kula?"

Nikasema ndio.

"Ulikula nini?"

Nikakosa chakula cha kutaja. Nikamwambia yote, raba, noti iliyopasuka, pari, simu za mathe. Alicheka mpaka akashika ukuta. Si kicheko cha kunidharau, ni kile cha kusema hata bwana yangu alikuwa hivyo. Alafu akaniambia kodi nitalipa mwezi unaokuja, na nipige simu Nairobi hapo hapo, yeye akiwa amesimama. Mathe alinitusi dakika kumi. Nikalala masaa tisa usiku huo, ya kwanza tangu Ijumaa ya Nyawera. Shida ya doh ilikuwa bado pale pale, 15 nilikuwa nadaiwa na chuo, lakini mwili haukuwa unajua.

Baadaye ndio nikajua yeye huweka akiba aje mji wenye hauweki ahadi. Ako kwa AVEC. Hiyo kitu iko kila kona ya Kivu, na wazo lake lilitoka mbali, Niger, mwaka wa 1991, kwa wanawake wa Maradi na shirika la CARE. Watu kama ishirini, wanakutana kila wiki, kila mtu ananunua hisa zake, kijitabu kinapigwa muhuri, mwaka ukiisha wanavunja kasa na kugawana. Pesa inakaa ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa watu watatu, na mwenye analala na sanduku si mmoja wao.

Nilivyoelewa hiyo ya kufuli tatu nilikaa chini. Hakuna mtu pale amejaribu kunipa roho ya chuma. Wamama wanajua roho ni ya nyama, wamechomelea chuma mahali pake. Na pesa haiko benki, haiko Kinshasa, haiko kwa noti yenye raisi anaweza kuua usiku wa Krismasi. Iko kwa mtu mwenye unaona akichota maji.

Alafu ikaja 2025. Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 tarehe 27 Januari, Jumatatu. Jumapili yenye ilifuata wale wamama walikutana kama kawaida, na kasa ilikuwa bado haijafika nusu ya mwaka. Sheria yao wenyewe inasema haifunguliwi. Nilikuwa nje nikifua nguo, nikaskia kelele, alafu kimya, alafu kufuli, tak, tak, tak. Kwa nusu saa walikuwa wamegawa kila kitu. Mama nyumba akatoka mbio, bila hata kuaga, akarudi jioni na magunia mawili ya unga, mafuta, chumvi, sukari, na mkaa wa watu wengine juu ya mkaa wake. Nikaona huyu naye amenunua raba nyeupe.

Ijumaa ya tarehe 14 Februari uwanja wa ndege wa Kavumu ukachukuliwa. Wikendi hiyo maduka na madepo yakaporwa, hata stoo la chakula la PAM, shirika la chakula la UN, na tarehe 16 wapiganaji wa M23 wakawa ndani ya mji. Benki zikafunga na hazikufungua. Wasee walikuwa na elfu zao kwa akaunti, wanaziona kwa simu, na hawana ya kununua chumvi. Sisi kwa ile nyumba tulikula. Pole pole, lakini tulikula.

Kuna Mmarekani mwingine, Scott Dickman, 1990 aliandika kwamba haraka ziko mbili: moja inakubomoa, moja inakufaa, na mtu anaweza kuwa na moja bila ingine. Nilisoma hiyo kwa simu na mega za mwisho nikasema huyu hajafika Kadutu lakini amemwona mama nyumba. Ile Jumapili hawakufikiria sana. Lakini walikuwa watu ishirini wanaogopa kitu kimoja kwa sauti, mchana, wakiangaliana. Mimi kwa pari nilikuwa peke yangu na aibu yangu. Sijui kama Dickman aliandika juu ya hiyo, lakini mi naona hapo ndio tofauti ilikaa.

Masomo yalirudi, kasa nayo ikarudi, ndogo zaidi, hisa ni franga tu, na mimi nikaingizwa. Mwanaume pekee, na mdogo kuliko watoto wao. Mwezi wa nne wa kasa, beshte akanipigia saa kumi na mbili jioni: kuna simu, haijatumika sana, dola 60, mwenyewe anaondoka kesho na boti, lazima leo. Nilikuwa na 30. Nikajua nusu ingine iko wapi. Nikaenda kwa mama nyumba na sauti ya adabu.

Akafungua fundo la kitenge akanionyesha. "Yangu njo hii. Ya pili iko kwa mama moya kule Cimpunda. Ya tatu iko kwa ule mwenye kuuzisha sambaza ku soko. Enda ubaombe."

Mvua ilikuwa imeanza. Nikapanda na raba zangu, zimeshakuwa rangi ya chai ya maziwa, nikaanza na ya karibu. Mama wa sambaza alikuwa ameweka mfuko wa nailoni kichwani, ndoo yake imebaki fungu mbili. Nikamwambia nadai funguo.

"Ya nini?"

Beshte alikuwa anapiga tena, simu inatetemeka kwa mfuko. Nikaangalia zile samaki ndogo, zinang'aa kama sarafu. Nikamwambia anifungie zote mbili.

Tulizikaanga usiku huo. Mama nyumba akasonga bugali, akauliza kama chumvi imetosha.

Nikamwambia imetosha.